Mtunza Bustani Aliyeng'oa Uzio

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, mtunza bustani wetu anastaafu baada ya kuitumikia bustani ya miti ya dawa miaka thelathini na mmoja. Alikuja kijana mwenye mashavu. Anaondoka na mvi na goti bovu. Mashavu yamebaki. Wote tunamwita Bwana Mizizi, hata mkewe, na hilo ni shauri lao.

Miti mingi bustanini ni ile ya wafugaji wa Kimaasai, ambao huchemsha magome na mizizi kwenye supu ya nyama. Maelezo ya miti hiyo aliyapata kwa kina mama wa Kimaasai waliokuwa wakileta maziwa getini. Aliwahoji mpaka maziwa yakakaribia kuganda. Wakamtania kwamba mwanamume mwenye maswali mengi hivyo anatafuta mke. Alikuwa ameshaoa, akaendelea kuuliza.

Kwenye sherehe moja ya wafanyakazi alituletea sisi wapishi jikoni gome la mgunga, tulitie kwenye supu ya mifupa. Mhasibu wetu, ambaye kila siku hula kama anayeonja, alirudi na bakuli, akarudi tena, akalegeza mkanda. Mchana akakutwa amelalia meza yake. Hadi leo anashikilia kwamba alikuwa anafikiri.

Haikuwa vicheko tu. Kulikuwa na osokonoi, mti ambao gome lake huwasha mdomoni kama pilipili na watu hulitafuna wakikohoa. Majirani walizoea kuja kuomba kipande. Bwana Mizizi akaona wanausumbua mti, akauzungushia seng'enge na kutia kufuli. Lilikuwa kosa, na lazima lisemwe hata siku ya keki. Waliokuwa wakiomba wakaanza kuruka uzio. Mtu akiiba ana haraka: wakachuna gome kuzunguka shina lote, na mti uliochunwa hivyo hauponi. Ulikauka ukiwa umesimama. Siku ile Bwana Mizizi alikataa chakula, tukamsema mpaka akashika sahani.

Ulibaki osokonoi mwingine mmoja tu, mchanga, mwembamba kama mpini wa jembe. Wakubwa wakataka uzio mrefu zaidi. Yeye akang'oa hata ule uliokuwepo. Mti ulipokomaa, akawaambia majirani waje saa ya chai, atawakatia mwenyewe. Alitoa ukanda mdogo upande mmoja, kama alivyofundishwa na wale kina mama wa maziwa, akapaka kidonda cha mti udongo na kinyesi cha ng'ombe. Mgonjwa naye aliambiwa kikohozi kisipokwisha aende zahanati, asimletee lawama. Watu walipoona wanapewa, wakawa wao wenyewe wanamfokea yeyote anayesogea na panga. Leo mti huo umepita paa la stoo.

Sasa tunasikia kwamba akitoka tu, uzio unarudi, eti usalama. Mkurugenzi, tunakupenda, lakini waya huo uache stoo ulikolala. Mlinzi wa getini ameshafundishwa kukata, na mkono wake ni mwepesi. Kazi mpe yeye.

Bwana Mizizi, ahsante kwa jasho lako na kwa ubishi wako. Kalipumzishe goti, mpe mkeo nafasi ya kukuchoka. Tunakutakia uzee mtamu, wenye hamu ya kula na meno ya kutafunia. Na ukisikia seng'enge inafungwa huku, njoo bila kualikwa. Utatukuta sisi wa jikoni tumeshatangulia na koleo la kukatia waya.