Kopo Kavu Halipimi: Maisha ya Ziro Mwero wa Taru, Fundi wa Mita za Mafuta

Ziro Mwero alizaliwa Taru tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili wa Mzee Mwero Tembo na Mama Kache. Aliyemtangulia ni mimi, Tembo, niliyepewa kuandika na kusoma maneno haya. Mwaka ule mvua ilikuwa imekataa, na baba alikuwa amepeleka ng'ombe mbali kutafuta maji. Habari za mtoto alizipata kwa mpita njia, naye akauliza kwanza kama mbuzi walikuwa wazima. Watu wa siku hizo hawakuwa na haraka ya kufurahi. Wala marehemu hakusomewa karatasi. Aliimbiwa usiku kucha, na waliomjua walitaja mema yake na mabaya yake mbele ya watoto wake. Leo tunakodi hema na vipaza sauti, tunachapisha picha ya rangi, na kila marehemu ni malaika. Haya. Kama ni karatasi, basi hii na iseme kweli.

Alianza darasa la kwanza hapa Taru mwaka 1965, akamaliza la saba mwaka 1971. Alikuwa hodari wa hesabu na mvivu wa kuimba. Nafasi ya sekondari aliipata, lakini ng'ombe walikufa mwaka huo huo, na sekondari ikawa imekwisha kabla haijaanza. Yeye hakulalamika. Mimi nimelalamika kwa niaba yake mpaka leo.

Mwaka 1974 alishuka Mombasa, akapokewa katika karakana ya Fundi Abubakar huko Changamwe, iliyokuwa ikitengeneza pampu za vituo vya mafuta. Ndani ya kila pampu mna mita, chombo cha chuma chenye pistoni zinazosukumwa na mafuta yanayopita. Pistoni zikienda na kurudi, tarakimu za nje husogea. Zikilika, mafuta hupita bila kuhesabiwa, na mwenye kituo hupata hasara. Mita ikirekebishwa vibaya, anayepunjwa ni mwenye gari. Kazi ya Ziro ilikuwa kuifungua mita, kuisafisha, kubadilisha ngozi za pistoni zilizochakaa, na kuirudisha mpaka isimwibie huyu wala yule. Kisha afisa wa vipimo huikagua na kuifunga kwa waya na lakiri, muhuri wa madini ya risasi. Baada ya lakiri, mkono wa mtu hauingii tena.

Kupima kwenyewe hufanywa kwa kopo la lita ishirini lenye kioo shingoni. Jambo la kwanza alilofundishwa na Fundi Abubakar ni kwamba kopo kavu halipimi. Mafuta ya kwanza hunata kwenye kuta za kopo, na ukisoma hapo utaona pampu inapunja, utaihukumu na haina kosa. Sharti ulijaze, ulimwage, uliache lichuruzike, ndipo ulijaze tena na kusoma. "Cha kwanza ni cha kulowesha," Ziro naye alikuwa akisema, na neno hilo akalipeleka mpaka jikoni. Nyumbani kwake mtoto aliyeunguza ugali mara ya kwanza hakukemewa. Mara ya pili alikula peke yake ule ulioungua.

Mwaka 1981 alihamia Ukunda, akajenga nyumba Bongwe, karibu na hapo. Kwa zaidi ya miaka thelathini alitunza mita za vituo kutoka Likoni mpaka Lunga Lunga, akisafiri kwa pikipiki na kopo lake limefungwa nyuma. Watoto wa barabarani walimpigia kelele, "Mzee wa Kopo, lina nini?" Naye huwajibu bila kupunguza mwendo, "Tupu kama tumbo lako!" Baadaye zikaja pampu za kompyuta. Kijana huchomeka waya, hubonyeza, huondoka na mikono safi kama ya bwana harusi. Mita iliyo chini ni chuma kile kile kinacholika vile vile, lakini nani ataifungua? Siku hizi kitu kikiugua hutupwa. Ziro aliweka spana zake chini mwaka 2015. Kopo alilisafisha, akalining'iniza ukutani sebuleni, na hakuruhusu mtu alipandie maua.

Alimwoa Jumwa, binti wa Mzee Kheri wa Samburu, kanisani hapa Taru, mwezi Desemba 1983. Siku ya posa alikwenda moja kwa moja kutoka kazini. Mzee Kheri alimnusa, akasogeza kiti chake nyuma.

"Kijana, ukikaa karibu na jiko langu tutaungua sote. Nenda nyumbani."

Alikwenda. Baada ya wiki mbili akarudi, amekoga, amevaa shati jeupe.

"Si nilikufukuza wewe?" Mzee Kheri akauliza.

"Ulinifukuza, baba. Ile safari ilikuwa ya kulowesha kopo. Sasa nipime."

Mzee alicheka, akaita watu walete kiti. Mungu aliwajalia watoto watatu: Mwero mwaka 1985, Kache mwaka 1988, na Beryl mwaka 1993. Mwero alipewa jina la baba yetu, na Kache jina la mama yetu, kama ilivyokuwa desturi ya watu walipokuwa bado wanajua kwamba jina halinunuliwi dukani. Ziro alipomwita binti huyo alisema "mama", na mtoto aliitika.

Sasa nafika mahali ambapo wengine wangependa niruke.

Mwaka 2012 Kache aliolewa na Othman Ishak wa Msambweni, fundi wa injini za boti. Alisilimu, akaitwa Hanifa. Ndoa Ziro hakuipinga, wala dini. Alisema, "Dini ni yake na Mungu wake. Jina ni la mama yangu." Walipokuja Bongwe kumwamkia, aliwasimamisha mlangoni. "Kache namjua," alimwambia. "Hanifa simjui. Ukimpata Kache, umlete." Binti aligeuka, mumewe akamfuata. Mimi nilimwambia ndugu yangu amefanya vyema. Miaka kumi ikapita, na mtu ambaye hakuwahi kuihukumu pampu kwa kopo kavu hakuufungua mlango ule tena. Mama Jumwa alikwenda Msambweni kumwona mwanawe, akirudi hakuulizwa kitu.

Mwaka 2022 figo zake zilishindwa. Ikawa lazima apelekwe Msambweni mara mbili kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine. Siku moja alitoka hospitali miguu haimbebi, na gari la kurudi Bongwe halikuwapo. Jumwa alisimama mbele yake.

"Baba Mwero, nyumba ya mtoto iko pale nyuma ya msikiti. Utakwenda, au nikubebe mgongoni watu watucheke?"

Alikwenda. Othman alimwekea kiti kivulini, akamletea maji, akajitenga kwa adabu. Binti akatoka ndani.

"Shikamoo, baba."

Akageuza uso, akautazama msikiti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Hanifa."

"Mimi namjua Kache."

"Baba," akasema, "ulifungua mlango mara moja tu, ukasoma, ukafunga. Watu wote umewalowesha kwanza. Mimi umenipima kwa kopo kavu."

Mama Jumwa anasema Ziro aliyaweka maji chini. Kisha akacheka, akacheka mpaka akakohoa, akashika mkono wa mkewe.

"Jumwa, umesikia? Fundi ameumbuliwa na binti yake." Akamgeukia mtoto. "Haya, Hanifa. Mimina tena."

Alimiminiwa chai nusu kikombe, maana daktari alikuwa amekataza zaidi. Tangu siku ile hakurudi kulala Bongwe. Alihamia nyumba ile na mkewe, na kwa miaka miwili Hanifa na Othman walimpeleka hospitali na kumrudisha. Siku za nguvu alikaa na mkwewe kwenye karakana ya injini za boti, akimsahihisha asipoulizwa. "Mkwe, pole pole na hiyo nati, si ya adui yako." Othman hujibu, "Naam, baba," kisha hufanya anavyojua mwenyewe, na wote wawili wanaridhika.

Wiki moja kabla hajafa nilikwenda kumtazama. Alikuwa amekonda, lakini akili imesimama.

"Kaka, karatasi utaiandika wewe?"

"Nani mwingine anajua nukta inawekwa wapi?"

"Basi uandike Hanifa."

"Na mama yetu?"

"Mama ana kaburi lake Taru, na jina lake lipo pale. Huyu yu hai. Aitwe anavyoitika."

Nilimwambia nitafikiria.

"Usifikirie," akasema. "Piga lakiri."

Alifariki nyumbani kwa binti yake Msambweni, alfajiri ya Ijumaa, tarehe 6 Septemba 2024, mkewe akiwa ameshika mkono mmoja na binti yake mwingine. Ameishi miaka sitini na saba.

Wazee wa ukoo walikutana Jumatano, wakaamua karatasi iandikwe Kache. Walisema jina la bibi halifutwi na ndoa, na mimi ni mmoja wa waliofundishwa hivyo na wanaoamini hivyo. Katika ukoo huu sasa hakuna mtoto anayeitika jina la mama yangu, na hilo litaniuma mpaka nami nisomewe karatasi yangu. Jioni Beryl alipiga simu kutoka Ukunda. "Baba mkubwa, mchapaji anafunga duka. Niandike lipi?" Nilimjibu, na alichoandika mmekishika mikononi mwenu.

Marehemu ameacha mjane, Jumwa. Watoto, Mwero wa Taru, Hanifa wa Msambweni na Beryl wa Ukunda. Mkwe wake Othman Ishak. Wajukuu wanne, akiwamo Nusaiba aliyekuwa akimpangia dawa. Na kaka mmoja, Tembo. Kopo lake amemwachia Hanifa.

Wazee wenzangu, jina hilo limekwisha kufungwa kwa waya na risasi, tena na fundi mwenyewe, na mkono wa mtu usiingie. Punde watoto watatu wataitwa kaburini kutia mchanga wa kwanza. Jina la pili likitajwa, asigune mtu.

Njoo, Hanifa, usimame hapa kwa ndugu zako. Nawe Ziro, mdogo wangu, umepima sawa. Lala kwa amani.