Kaka Yetu Mzee Breki, Dereva Aliyeogopa Kikombe

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wafanyakazi wa reli mliokuja na nguo zenu za kazi, haya ndiyo maisha ya kaka yetu kama alivyotaka yasomwe. Wiki moja kabla ya kufariki alimwita mdogo wake wa mwisho, anayewasomea sasa, akamwambia, "Utasoma wewe. Usinipambe. Ya pombe uyaseme, na ya woga uyaseme." Mkewe, shemeji yetu, ameridhia.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 8 Novemba 1966, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha nne kutoka kwenye tangi la maji. Alikuwa wa pili kati ya watoto watano. Baba yetu alikuwa mkaguzi wa njia, akitembea juu ya mataruma kwa miguu kutwa nzima na nyundo begani. Mama alikuwa mshonaji. Mama alipenda kusimulia kwamba treni ikipiga honi, watoto wengine walikimbilia dirishani, huyu alikimbilia uvunguni mwa kitanda. Kwa maajabu ya Mungu, katika wote watano ni yeye aliyekuja kuishika honi hiyo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, kisha sekondari kuanzia 1982 hadi 1985. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mkia. Kosa lake lilikuwa moja, hakunyoosha mkono. Mwalimu wake wa hesabu alimwandikia baba kwamba mtoto huyu anajua lakini anaogopa kujulikana kuwa anajua, na akiwa hajui, anaogopa zaidi.

Mwezi Februari 1987 aliajiriwa reli kama mwosha mabehewa. Mwaka 1990 akapandishwa kuwa mshika breki, na hapo ndipo wenzake walipompa jina la Breki, ambalo baadaye liliongezewa "Mzee" mbele yake. Mwaka 1994 akawa dereva msaidizi, na tarehe 1 Julai 1999 akakabidhiwa kichwa cha treni ya mizigo. Walisema Mzee Breki huanza kusimama kabla wengine hawajaanza kufikiri. Wakimtania, aliwajibu, "Wewe ukichelewa kusimama unaomba radhi. Mimi nikichelewa naomba sanda."

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Desemba 1992. Mkewe alikuwa mkata tiketi wa dirisha la pili. Inasemekana marehemu alikata tiketi nne za kwenda kituo cha jirani bila safari yoyote, kwa sababu hakupata ujasiri wa kusema kilichompeleka dirishani. Mara ya tano binti akamwuliza, "Kaka, huko unakokwenda kila siku mbona hufiki?" Walijaliwa watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja.

Sasa tunafika mahali alipoagiza pasirukwe.

Marehemu alikuwa akinywa, na kadiri miaka ilivyokwenda alikunywa zaidi, siku za mapumziko. Jumapili moja alikunywa mpaka jua likazama. Akalala, akaamka, akaoga maji baridi, akanywa chai ya tangawizi, akaamini imekwisha. Wengi mlio hapa mnaamini hivyo hivyo. Kesho yake, Jumatatu tarehe 6 Machi 2017, saa moja na robo asubuhi, jina lake lilitokea kwenye orodha ya kupimwa. Kwa wasiojua, ofisi ya afya ya kazini hupokea majina yaliyochaguliwa kama bahati nasibu, na aliyetajwa huacha alichoshika akaenda kupimwa papo hapo. Mpimaji alikuwa muuguzi mnayemwita Mama Kikombe, naye yuko hapa, amesimama nyuma kule.

"Puliza, baba. Endelea. Endelea. Basi."

Mashine ikasoma. Mama Kikombe akamkalisha dakika kumi na tano kwa saa ya ukutani, kama utaratibu unavyotaka, akampa mrija mpya, naye marehemu akapuliza tena. Namba ilishuka kidogo tu, ikabaki juu ya kiwango.

"Baba, leo huendi."

Treni yake ilikuwa na mabehewa ishirini na mawili ya saruji. Ikapewa dereva mwingine. Marehemu alikaa kwenye benchi la ofisi, akaisikia inang'oka bila yeye. Njia ile hupita kivuko kisicho na geti, jirani na shule ya msingi, na saa mbili kasoro ndiyo saa ya watoto kuvuka. Jioni alimwambia mkewe, "Mama watoto, sikumgonga mtu. Lakini nimewaona wote. Nimewaona mpaka mabegi yao."

Tangu siku hiyo hakuonja tena pombe, na tangu siku hiyo hofu haikumtoka. Alisimamishwa kazi, akapelekwa kwa mshauri, akatibiwa kwa miezi mitano, akapimwa, akarudi kazini Jumatatu tarehe 4 Septemba 2017. Akaambiwa kwamba kwa miaka mitano atapimwa bila taarifa, nje ya orodha ya kawaida, siku yoyote, na kosa la pili halina msamaha. Alitia sahihi. Sahihi haikusomeka, karani akamwomba aandike upya.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Nyumbani alitupa dawa ya kusukutulia mdomo. Alitupa dawa ya kikohozi ya mjukuu, mjukuu akakohoa. Ndizi ikiiva kupita kiasi hakuila. Mkewe akijipulizia manukato, marehemu alitoka nje akasubiri yaishe. Shemeji alisema, "Mwenzangu, mimi nimeolewa na askari wa mpakani." Walicheka, lakini yeye alicheka huku ananusa kiganja chake. Simu ikilia, rangi ilimtoka kabla hajajua ni nani.

Kipimo alichokiogopa kuliko vyote kilikuwa cha mkojo. Mama Kikombe aliifuata kazi yake hatua kwa hatua: koti livuliwe, mifuko itolewe nje, mikono ioshwe, maji ya chooni yatiwe rangi ya buluu asije mtu akayachota, kikombe kipimwe joto kabla hakijapoa. Mwezi Mei 2018 marehemu aliingia na kikombe, akakaa, akatoka nacho kikiwa kikavu.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna nini, baba?"

"Hautoki. Unajua unaitwa."

Sheria inampa mtu saa tatu na maji kiasi cha lita moja, naye akishindwa bila sababu ya kitabibu, huhesabiwa amekataa, na kukataa ni sawa na kushindwa. Marehemu alilijua hilo neno kwa neno. Alikunywa glasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, macho kwenye saa ya ukutani. Jasho lilimtoka kama mtu aliye jikoni. Zikabaki dakika arobaini. Akaanza kulia, mtu mzima mwenye wajukuu. Mama Kikombe akavuta kiti, akakaa mbali kidogo, akaanza kumweleza jinsi bomba la kwake nyumbani lilivyopasuka, fundi akaja bila koleo, akaenda kulitafuta hakurudi, maji yakajaa mpaka sebuleni, jirani akapita akiwa amejifunga taulo. Marehemu alianza kucheka. Katikati ya kucheka akanyanyuka ghafla, akakimbia na kikombe.

Aliporudi akasema, "Mama, Mungu akubariki wewe na fundi wako."

"Fundi simtaki. Tia sahihi hapa kwenye kibandiko."

Kwa miaka ile alipimwa mara kumi na tisa, na mara zote kumi na tisa majibu yalikuwa safi. Kila mara, kati ya kikombe na majibu, alikaa siku mbili bila kula vizuri, ingawa alijua fika hajagusa kitu.

Mwezi Novemba 2021 alianza kuumwa tumbo, maumivu yakipitiliza mpaka mgongoni. Hakumwambia mtu. Alikuwa amesikia kwa wenzake kwamba vidonge vikali vya maumivu huonekana kwenye kipimo. Hilo ni kweli, baadhi huonekana. Lakini hakujua lililobaki, wala hakuuliza, maana alihofu kwamba dereva mwenye rekodi kama yake akiuliza habari za vidonge, ataonekana anavitafuta. Akajitibu kwa chupa ya maji ya moto. Alilala amejikunja, akaamka, akaenda kazini. Mkewe alipoona suruali zinamshuka, alimwambia twende hospitali. Akajibu, "Niache nimalize miaka yangu mitano. Septemba nitaumwa vizuri."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Jumatatu tarehe 20 Juni 2022 alianguka kwenye ngazi ya kichwa cha treni, wakati wa kushuka. Treni ilikuwa imesimama na breki zimefungwa. Hospitali ilikuta saratani ya kongosho, nayo ilikuwa imekwisha kuenea. Daktari alisema angefika miezi saba nyuma, pengine wangezungumza lugha nyingine.

Mwishoni mwa Julai maumivu yalivuka kiasi. Daktari aliagiza mofini ya maji, ya kunywa kwa kijiko. Marehemu alipolisikia jina hilo alifunga mdomo. Mkewe alimbembeleza, binti yake mkubwa alipiga magoti, muuguzi wa wodi alikasirika. Yeye alitikisa kichwa tu, huku ameng'ata shuka. Siku tano alikaa hivyo, na wagonjwa wa vitanda vya jirani waliomba wahamishwe, kwa kuwa hawakuweza kusikiliza.

Alhamisi tarehe 4 Agosti mdogo wake, huyu anayewasomea, alikwenda ofisi ya afya ya kazini. Alieleza kwamba mgonjwa anaikataa dawa. Mama Kikombe alichukua mkoba wake, wakaondoka pamoja.

Mama Kikombe alipoingia wodini, marehemu alijaribu kukaa. Alidhani amekuja kumpima.

"Sijanywa chochote, mama. Waulize."

"Najua, baba. Nimekuja kukwambia kitu. Dawa aliyokuandikia daktari, kwa ugonjwa wako, si kosa. Majibu yakionyesha dawa, daktari anayehakiki anakupigia, unamwonyesha cheti, anauliza kama unaweza kuendesha. Huwezi, unapumzishwa. Ukipona unarudi. Hakuna anayekufukuza kwa kuumwa."

"Tangu lini?"

"Tangu siku zote. Iko kwenye karatasi uliyotia sahihi, ukurasa wa tatu. Kwa nini hukuniuliza?"

"Kumbe ningeweza kuuliza," alisema marehemu.

Mama Kikombe alijifuta macho kwa mkono wa sare. "Na mimi ningeweza kukwambia, baba. Nilikuona unakonda. Nikasema ni wasiwasi wake tu."

Marehemu bado alisita. Akaomba apimwe kwanza, kabla kijiko hakijaingia. Mama Kikombe akamweleza wazi kwamba kipimo hicho hakitaingia kwenye kitabu chochote, kwa sababu yeye hayuko kazini. Akasema hata hivyo anataka. Mashine ya pumzi ilikuwemo mkobani. Mara mbili pumzi haikutosha. Mara ya tatu mkewe alimshika mgongo, akapuliza, namba zikasoma sifuri. Alitaka azione mwenyewe. Ndipo akafungua mdomo.

Alilala saa kumi na moja mfululizo. Siku zilizofuata alizungumza, alikula uji, alimtania mkewe kuhusu tiketi. Wakati mwingine alishtuka usingizini akauliza, "Wameniita?" na mkewe akamjibu hapana. Alifariki Jumatano tarehe 17 Agosti 2022, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Zilikuwa zimebaki siku kumi na nane miaka yake mitano itimie. Barua ya ofisi inasema mpango haukukamilika. Ni kweli, na asingependa iandikwe vingine.

Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu wawili, dada wawili, kaka mmoja na mdogo mmoja wa kiume. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, na inamshukuru Mama Kikombe, ambaye hana deni lolote nasi, asijilaumu.

Ninyi madereva, yeye alituma neno moja. Alisema msiwaogopeshe wageni kwa hadithi za kikombe mkaishia katikati. Wapimaji hawatafuti mgonjwa. Anayekunywa asipande, na anayeumwa aseme kesho asubuhi, kabla ya zamu, hata kama sauti inatetemeka.

Apumzike kwa amani kaka yetu, na hofu yake ipumzike pamoja naye.