Ngamia Anashuka Kwenye Winchi

Baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, mwendesha winchi mkongwe wa yadi yetu ya makontena, maarufu kama Ngamia, anastaafu Ijumaa hii. Mhariri wa jarida hili aliwaomba wenzake wamwandikie wasifu. Wote wakasingizia kazi nyingi, kwa hiyo mstaafu amejiandikia mwenyewe. Msomaji asishangae akikuta sifa ni chache.

Alianza kwa kufunga minyororo, akapanda hadi kibanda cha juu kabisa. Choo kilibaki chini, ng'ambo ya yadi. Ngamia alilitatua tatizo hilo kwa akili zake zote: akaacha kunywa maji. Mkojo ulipokuwa mweusi kama chai ya rangi, alisema ni vitamini. Kichwa kilipomgonga, alilaumu jua. Wenzake walipombandika jina la Ngamia, alijiona mtu kweli, akasahau kwamba ngamia naye akifika kisimani hunywa.

Siku moja, kontena likiwa hewani, ubavu ulimkata ghafla. Aliliteremsha salama, na hilo ndilo jambo pekee la kujivunia katika habari hii. Yeye mwenyewe aliteremshwa na watu wa zimamoto, huku akimlilia marehemu mama yake mbele ya yadi nzima. Daktari alimtoa jiwe la figo, akamweleza kwamba maji yakipungua mwilini mkojo huwa mzito, na chumvi zake huweza kugandamana kuwa mawe. Figo moja ilikuwa imeshaharibika. Aliporuhusiwa, Ngamia alibugia jagi zima kwa mkupuo ili kufidia miaka yote, hadi muuguzi akamkemea kwamba figo si mtaro, anywe kidogo kidogo kutwa nzima.

Kibanda sasa anakirithi binti yake. Wiki iliyopita alipanda bila chupa, midomo imemkauka, akitamba kwamba mtoto wa Ngamia hashuki hadi zamu iishe. Watu walicheka sana. Baba yake alishindwa kucheka, maana aliogopa.

Anawashukuru nyote, hasa mliovumilia hasira zake za kiu. Ile saa ya ukutani mnayotaka kumzawadia, irudisheni dukani, mjenge choo karibu na ngazi.

Nawe mwanangu, tunakutakia kazi njema na umri mrefu. Kunywa maji. Ukibanwa, tua kontena, ushuke. Malori yatasubiri. Baba yako hana figo ya kukugawia.