Usingizi wa Mchana wa Aron

Katika senta moja ndogo iliyo kati ya Litein na Kapkatet, pale malori ya majani chai yanapopunguza mwendo kabla ya kona, kuna gogo la mkaratusi lililolazwa kando ya kibanda cha Bosibori. Huku watu hunywa chai: chai asubuhi, chai shambani, chai matangani. Bosibori, aliyeolewa hapa kutoka Kisii, ndiye pekee anayechemsha kahawa, nyeusi kama lami na yenye tangawizi ya kukwaruza koo, na walioizoea wamekuwa kama washirika wa kanisa dogo. Hukutana kwenye gogo hilo mavuno ya asubuhi yakishapimwa. Yuko Mwalimu Kipkemoi, mstaafu aliyefundisha sayansi mpaka mvi zikamjaa, na wenzake wakamwita Sayansi. Yuko Kepher, mtu wa Vihiga anayechochea moto wa boila kwenye kiwanda cha majani chai, nao humwita Boila. Na yuko Aron, mwenye shamba la chai pale mteremkoni, ambaye alikuwa Aron tu mpaka alipoanza kusimulia jinsi anavyoruka akiwa usingizini. Tangu hapo ni Rubani.

Siku hiyo Kepher alitangulia kufika. Kahawa yake ilipoa mkononi bila yeye kuionja. Alikuwa akimngoja Aron, na asingependa mtu ajue jinsi alivyokuwa akimngoja.

Mdogo wake, Eliakim, alikwenda Saudia kuendesha magari. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili. Halafu simu ikazima. Ajenti aliyempeleka akahama ofisi, na huko serikalini Kepher akaambiwa arudi wiki ijayo mpaka akachoka kurudi. Ndipo Aron akamwambia, wakiwa wawili tu: “Boila, wacha nikutafutie mimi.” Kepher alicheka. Lakini hiyo ilikuwa zamani kidogo, na sasa alikuwa ameacha kucheka.

Aron alitokea, gambuti zikiwa na matope mabichi.

— Chamgei, wazee.

— Chamgei, Rubani, — alijibu Mwalimu Kipkemoi. — Jana umetua uwanja gani?

— Mwalimu, wewe cheka tu. Bosi, niwekee ile chungu.

Bosibori alimimina, lakini hakumwachia kikombe.

— Kwanza unieleze, maana hawa wanaume wanaongea hii kitu kila siku na mimi nabaki nje. Kila mtu anaota. Mimi mwenyewe juzi nimeota nafukuzwa na bata mzinga. Yako iko na nini mpya?

— Wewe ulikimbia, si ndiyo?

— Nilikimbia mpaka nikapoteza kiatu.

— Basi hapo ndio tofauti. Ungejua hii ni ndoto, ungesimama umwambie, “Wewe bata, lala chini.” Na angelala. Mimi nimejifunza kujua. Niliona kwa simu, kuna watu wanafundisha. Nikitoka kuchuna, nalala mchana kidogo. Ndoto ikianza, naangalia mikono yangu. Kule vidole havikubali kuhesabika, ukimaliza kuhesabu unakuta kingine kimeota. Hapo najua niko ndani, na bado nina akili zangu. Sasa naanza mazoezi.

— Mazoezi ya nini?

— Ya zile nguvu mtu anazo na hajui. Kuona mahali hujafika. Kusikia mtu anawaza nini. Kusongesha kikombe bila kukigusa. Ukijaribu hapa, akili inakwambia wacha ujinga. Kule haina ubishi. Unafanya, unarudia, unazoea. Ukishazoea, unakuja nayo huku nje.

— Songesha basi hiki, — alisema Bosibori, akiinua kikombe.

Aron hakukitazama kikombe. Alimtazama yeye.

— Leo asubuhi ulitia chumvi kwa kahawa ukidhani ni sukari. Ukaenda kumwaga sufuria nzima kwa migomba, na ukaangalia kwanza kama kuna mtu anakuona.

Bosibori alimwachia kikombe kama kilichomchoma.

— Nani amekwambia?

— Ameona udongo umelowa! — Mwalimu Kipkemoi aliinua kidole. — Hapo hakuna muujiza, ni uchunguzi tu.

— Mwalimu, hiyo migomba iko nyuma ya choo, haionekani kutoka hapa. Na huyu amefika sasa hivi, unamwona na matope.

Lori lilipita, limejaa majani mpaka juu, na harufu yake mbichi ikabaki nyuma.

— Sawa, — alisema Mwalimu Kipkemoi, na sauti yake ilikuwa ya darasani. — Nitawaeleza. Hii milima yote ni chai. Majani ya chai yako na ile dawa inanyima mtu usingizi. Mvua ikinyesha, jua likipiga, ile dawa inapanda na ukungu. Sisi tunaivuta tangu tuzaliwe. Kwa hivyo mtu wa huku akilala, nusu ya kichwa inalala, nusu inakataa. Ile nusu imekataa ndiyo inatembea.

— Basi mbona wewe hutembei? — aliuliza Bosibori.

— Mimi nilifundishwa kukaa chini.

— Kwa boila tunasema hivi, — aliingilia Kepher, ambaye alitaka mazungumzo yasonge yafike anakotaka. — Mvuke ukikosa pa kutokea, unatafuta mahali bomba ni dhaifu. Mtu ni hivyo hivyo. Mchana kutwa unafunga mambo ndani. Ukilala, yanatokea kwa ufa.

— Nyinyi mnaongea kama mtu analala peke yake, — alisema Bosibori. Alikuwa ameketi sasa, jambo asilolifanya kwa kawaida. — Nyanya yangu alituambia kule ni shamba moja, haina ua. Walio hai wako, waliokufa wako. Na kuna wengine hawajawahi kuzaliwa, hao ndio wengi. Wanazunguka zunguka tu wakitafuta mahali pa kuingilia.

— Hapo umegusa sayansi kubwa! — Mwalimu Kipkemoi alipiga paja. — Ndoto ni moja! Inatembea kama upepo. Mtu wa Londiani akiota viazi, wa Mulot anaamka na njaa. Mimi nilikuwa na mwanafunzi, alikuwa anaota majibu ya mtihani, na ukiangalia vizuri, yalikuwa majibu ya yule mtoto amelala kitanda cha juu. Watu wanaibiana, Bosi! Labda hata hii ndoto yangu ya gari jeupe ni ya mtu mwingine, na yeye huko anaota ndoto yangu ya mgongo kuuma.

Bosibori alicheka. Aron hakucheka. Kepher akaona ni sasa au basi.

— Rubani. Ulienda?

Aron aliweka kikombe chini.

— Nilienda.

— Ukamwona?

— Boila, twende kando.

— Sema hapa hapa. Hawa si watu wa nje.

Aron alisugua uso kwa viganja, akaanza taratibu.

— Kuna chumba kirefu. Vitanda vya chuma, kimoja juu ya kingine. Dirisha liko juu sana, mtu hafikii. Joto, wacha tu. Kuna mwanaume anaosha mkono kwa bomba, maji yanatoka kidogo kidogo. Amenipa mgongo. Huu mkono wa kushoto, hapa juu ya kiwiko, ngozi imejikunja kama karatasi imekaribia moto.

Kepher alihisi gogo likizama chini yake. Eliakim aliungua kwa uji akiwa mtoto mdogo, na aliyekuwa ameachiwa kumwangalia ni Kepher. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote katika nchi hii ya chai.

— Ni yeye, — alisema.

— Nikamwita. Hakugeuka. Akasema, “Mwambie Kepher…”

— Uniambie nini?

— Ndio hapo. Nilivutwa nyuma. Kurudi imeanza kuwa ngumu, Boila. Zamani nilikuwa nafungua macho tu, nimefika. Siku hizi ni kama nafika kwa mlango wangu mwenyewe na kuna mtu ndani ameuegemea. Jana nilisukuma mpaka nikaanza kulia. Ulipofunguka, sauti ya Eliakim ilikuwa imepotea.

— Lakini yuko hai.

— Anaosha mkono. Aliyekufa anaosha mkono wa nini?

Kepher alimshika bega.

— Nenda leo. Aron, tafadhali. Nenda umsikilize amalize. Neno moja tu, jina la mji, jina la mwenye nyumba, chochote. Mimi nitakaa mlangoni kwako, mtu asikuamshe.

— Leo nitaenda, — alisema Aron. — Nimekuahidi.

Hapo ndipo waliposikia hatua kwenye kokoto. Alikuwa Chepkurui, mke wa Aron, bado amevaa kiunoni aproni ya plastiki ya kuchunia chai. Tangu waoane hakuwahi kukanyaga kijiweni. Bosibori alisimama kumpisha, yeye akabaki wima.

— Shemeji, karibu kahawa, — alisema Kepher.

— Asante, sitakaa. — Alimwangalia mumewe. — Baba Cheptoo, nimekuja kukuuliza mbele ya watu, kwa sababu nyumbani naogopa sitajua ni nani ananijibu.

— Kuna nini?

— Ukilala mchana, unasema unazunguka. Sawa. Sasa yule anaamka hapo kitandani, ni nani?

Aron alitabasamu kama mtu ambaye hajasikia vizuri.

— Hakuna mtu anaamka. Nalala mpaka nirudi.

— Anaamka. Wewe ukishaanza kupumua nzito, anaamka. Mara ya kwanza nilidhani ni wewe, nikasema, “Umelala kidogo leo.” Akaniangalia midomo, kama mtoto anajifunza kuongea. Hakujua kuvaa gambuti. Alivaa ya kulia kwa kushoto. Alitoka nje akashika ukuta, akashika majani, akashika ndoo. Akauliza, “Hii inaitwa nini?” Nikamwambia ndoo. Akacheka, alifurahi sana. Kesho yake alikuwa anajua ndoo, akauliza mvua.

Mwalimu Kipkemoi alifungua mdomo.

— Kuna watu wanatembea wakiwa usingizini. Hiyo ni hali inajulikana, madaktari…

— Mwalimu, nilifikiria hivyo pia. Lakini mtu anatembea usingizini hatulizi ile ng'ombe yetu kali. Huyu anaiwekea mkono tu shingoni, inanyamaza, anakamua. Mume wangu hajawahi kuikamua, ilimvunja kidole. Na jioni Cheptoo ananiuliza, “Mama, yule baba mwingine anakuja saa ngapi?”

— Chepkurui! — Aron alisimama. — Kwa nini hukuniambia?

— Ningekwambia vipi? Ukiamka wewe, unaamka na hasira, unaongea mambo ya Saudia, unatoka unaenda zako. Na pia… — Alisita, akatazama chini. — Si mbaya. Hapigi kelele. Jana alinisaidia kuanika mahindi. Sikuwa na haraka ya kumfukuza.

— Amekufanyia kitu?

— Hapana. Jana kabla hujarudi, alikaa kwa kitanda akanishika mkono. Sasa anaongea vizuri, anajua maneno mengi. Akaniuliza kama anaweza kubaki.

Bosibori alijishika kifua.

— Umemjibu nini? — aliuliza Aron kwa sauti ndogo.

— Nimesema nitauliza mwenye nyumba. Ndio nimekuja.

— Mwambie hapana! Mwambie atoke, na asirudi!

Kisha wote wakamgeukia Kepher. Yeye ndiye aliyekuwa amesema nenda leo. Yeye ndiye aliyeahidi kulinda mlango. Alikiona kile chumba kirefu, bomba likidondosha maji, mgongo wa mdogo wake, na sentensi iliyokatika ikining'inia hewani mahali asipoweza kufika yeye.

— Aron, — alisema. — Usilale leo.

— Boila, nimekaribia. Nimebakisha kumsikia tu.

— Usilale. Hata kesho mchana usilale. Mambo ya Eliakim tuwache.

— Ni ndugu yako.

— Najua ni ndugu yangu! — Kepher alipaza sauti, kisha akaishusha. — Najua. Nitaenda tena kwa ofisi, nitakaa kwa mlango wao mpaka wanifukuze. Lakini kwa njia hii, hapana. Tuwache.

Macho yalimlowa, akageuka upande wa barabara. Aron aliketi polepole.

— Umesikia, mama Cheptoo, — alisema Mwalimu Kipkemoi, akijaribu kufunga kikao. — Imekwisha. Mzee hatafanya tena hayo mazoezi. Na huyo mgeni akija, umwambie hakuna nafasi.

Chepkurui alitikisa kichwa.

— Mwalimu, usingizi hauna ruhusa. Leo atakaa macho mchana, kesho atakaa, siku moja utamkamata. Yeye mwenyewe amesema kurudi ni kusukumana mlangoni. Sasa nyinyi ndio mnasoma hizi mambo, niambieni. Siku hiyo, nikimkatalia yule, akasirike aende, na huyu wangu awe bado yuko mbali, hajafika. Pale kitandani nitabaki na nani?

Bosibori aliinua birika, akalirudisha mekoni bila kummiminia mtu.

— Twende nyumbani, — alisema Aron hatimaye.

Walishika kinjia cha kupanda katikati ya michai, Chepkurui mbele, mumewe nyuma. Watatu waliobaki kwenye gogo waliwafuata kwa macho. Karibu na mahali kinjia kinapopinda, Chepkurui alisimama, akageuka, akamwuliza Aron kitu. Kutoka chini haikusikika alichouliza, wala alichojibiwa. Waliona tu jinsi Chepkurui alivyomwangalia mumewe usoni, muda mrefu, kama anayetafuta ni nani aliyemjibu, kabla ya kuendelea kupanda.