Yoendri Hajasajiliwa

Pale mjini Consuelo, kwenye kona ya duka la Chepe, kuna benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja umekaa juu ya tofali. Jua likishavuka upande wa pili wa barabara, wanakuja wazee wenyewe. Redio anafika wa kwanza. Tangu alfajiri huwa anasikiliza matangazo ya besiboli, na asichosikia hukitunga. Anafuata Wakili, ambaye sheria yake yote aliiokota akifagia mahakamani miaka ishirini. Kisha Besi Tatu, aliyewahi kupiga mpira mmoja akakimbia vituo vitatu vya uwanja, besi tatu, bila kusimama, mwaka ambao kila akihadithia unabadilika. Wa nne ni Mzee Eligio. Huyu hana jina la utani, maana haongei sana, na ni vigumu kumtania mtu ambaye hajasema kitu. Lakini kahawa ya kwanza Chepe anammiminia yeye, kwa sababu ndiye aliyemfundisha Yoendri, mrushaji aliyefika ligi za Marekani, kurusha mpira, kwenye kiwanja cha nyuma ya kiwanda cha sukari, mtoto akiwa na miaka tisa na mpira wenyewe ukiwa wa soksi.

Sasa Yoendri alikuwa na thelathini na sita. Mkataba wake Marekani uliisha Novemba, na tulikuwa wiki ya pili ya Januari. Hakuna timu iliyokuwa imemchukua.

— Boston, alianza Redio hata kabla hajakaa. Wanatafuta mrushaji wa mkono wa kushoto. Nimesikia kwa masikio yangu haya.

— Boston wana mikono ya kushoto mpaka ya kugawa, alisema Wakili. Huyu anakwenda Seattle. Kuna kubadilishana wachezaji: Seattle wanatoa vijana watatu, na mmoja atatajwa baadaye.

— Atatajwa baadaye na nani?

— Na wenyewe! Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake timu mwenyeji lazima ipone kwanza ndipo imtaje mgeni.

— Wewe Wakili, Yoendri hana timu! Unambadilishaje mtu ambaye si wa mtu?

— Ndiyo ujanja wenyewe. Sheria haijasema haiwezekani.

Besi Tatu alipuliza kahawa yake.

— Acheni kutupiga kamba. Mimi nawaambia, Japani. Wajapani wamemficha. Hamjiulizi kwa nini kimya? Wanataka ajifunze kwanza kula kwa vijiti, ndiyo watangaze.

— Miezi miwili kujifunza vijiti?

— Mkono wa kushoto, bwana! Vijiti vinashikwa na wa kulia.

Redio alicheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Halafu Wakili akainua kidole, akasema kwa sauti ya mahakama:

— Hao wote wanaosubiri bei ishuke watajuta. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Alikuwa akiwasema Boston. Methali ilimpata Eligio, aliyekuwa amekaa upande wa tofali akitazama chini.

Maana Eligio alikuwa na jambo ambalo hajamwambia mtu. Tangu Novemba, kila usiku kabla ya kulala, alikuwa akiomba Yoendri asipate timu. Mtoto alichukuliwa na Wamarekani akiwa na miaka kumi na sita, akapanda ndege na begi jipya. Akawa mkubwa kule, akawa na jina kule. Kila mwaka ligi ya nyumbani ikianza, Consuelo nzima inauliza kama atakuja kuichezea, na kila mwaka timu yake ya kule inakataa, eti mkono upumzike. Mara chache alizokuja, alikuja kama mgeni: siku nne, zawadi, picha, kwaheri. Eligio hakuwahi kumwona mtu mzima yule akirusha mpira ila kwenye televisheni. Akiwa hana mkataba, nani atamzuia? Atakuja, atavaa jezi ya kijani ya timu ya nyumbani, atarusha hata zamu mbili tu pale uwanjani San Pedro, mji wa jirani, na yeye Eligio atakaa nyuma ya mdakaji ausikie mpira ukiingia kwenye glavu. Basi. Halafu kila asubuhi anaamka anaona haya, maana hayo ni maombi gani, kumwombea aliye kama mwanao akose kazi?

Siku ile alisimama pembeni mwanamke aliyevaa sare nyeupe, akisubiri kikombe chake. Alikuwa Yudelka, muuguzi mpya wa zahanati ya mtaa, aliyehamia wiki hiyo kutoka Higüey. Alisikiliza vijiti, akasikiliza Seattle, mwisho akashindwa kuvumilia.

— Samahani wazee wangu. Huyo Yoendri mwenyewe anasemaje?

— Redioni hajahojiwa, alisema Redio.

— Siulizi redioni. Nauliza nani kati yenu ameongea naye.

Redio alimtazama Wakili. Wakili alimtazama Besi Tatu. Besi Tatu aligundua kwamba kiatu chake kimefunguka.

— Dada, alisema Wakili hatimaye, yule ni mtu mkubwa.

— Mkubwa hana simu?

Yudelka alikunywa kahawa yake, akashukuru, akaenda zake kazini. Eligio aliinuka muda mfupi baadaye, bila kuaga.

Namba alikuwa nayo. Yoendri mwenyewe ndiye aliyempa, miaka saba iliyopita, siku walipomzika mke wa Eligio. "Nipigie wakati wowote, mzee wangu." Hakuwahi kupiga. Aliona jinsi watu wa mtaani walivyompigia kuomba: huyu glavu, huyu paa la nyumba, huyu kijana wake apelekwe akajaribiwe. Akaapa hatakuwa mmoja wao. Kumbe kiapo hicho kilikuwa kimemla miaka saba.

Alikaa kitandani, akapiga. Ililia mara mbili tu.

— Mzee wangu! Kuna msiba?

— Hakuna msiba. Hatujambo wote. Nimepiga tu.

— Umepiga tu, alirudia Yoendri, na sauti yake ikalegea. Basi vizuri. Vizuri sana.

Waliulizana habari za watoto, za mvua, za goti la Eligio. Kisha Eligio akashindwa kuendelea kuzunguka.

— Yoendri, nina kosa nataka kulisema. Tangu mkataba wako uishe, mimi nakuombea usipate timu.

Akasikia kicheko kidogo, kile kile cha utotoni, cha puani.

— Na mimi nilikuwa sitaki, mzee.

— Hutaki nini?

— Timu. Novemba nilimwambia wakala wangu asitafute. Nilitaka nije huko. Mwezi mzima wa Novemba nilikuwa nafanya mazoezi ya kuja kuchezea nyumbani. Nilitaka nishuke tu bila kumwambia mtu, hata mama. Halafu Desemba, siku ya Jumanne, nimerusha mpira wa kupinda, wa kawaida kabisa, kitu kikakatika begani. Nilikisikia.

Eligio alishika ukingo wa kitanda.

— Daktari anasemaje?

— Wawili wamesema neno moja: mkono huu hautarusha tena. Sasa hivi shati navalishwa. Hata kikombe siwezi kukitoa kabatini.

— Njoo hivyo hivyo.

— Nije nifanye nini, mzee? Nilikuwa nije nirushe.

Eligio alitafuta jibu. Alilitafuta kwa bidii, kama mtu anayepapasa funguo mfukoni huku mvua inamnyeshea. Alichopata ni hiki tu:

— Mama yako anapika dengu kila Jumapili. Sufuria lile lile. Anabakiza.

— Nitakuja Jumapili, alisema Yoendri mwishowe. Nataka nimwambie mama mimi mwenyewe, ana kwa ana. Asilisikie redioni wala kijiweni. Utanitunzia siri?

— Nitakutunzia.

Kesho yake alipofika dukani, walikuwa wamemkalia mkao wa kumsubiri. Binti yake Eligio alikuwa ameropoka sokoni kwamba baba ameongea na Marekani.

— Umempigia! alipiga kelele Redio. Sema. Boston?

— Mwacheni akae kwanza, alisema Wakili, huku akimvuta mkono akae upesi.

Eligio alikaa. Nyuso tatu zilikuwa mbele yake, zimetoa macho kama watu wanaosubiri mwezi wa kufunga. Ilikuwa Alhamisi, na Jumapili bado siku tatu. Alijua kwamba akinyamaza, kama kawaida yake, watausoma ukimya wake mpaka chini kabisa.

— Timu nne, alisema.

— Nne!

— Mbili nimekatazwa kuzitaja.

— Si nilisema! alidakia Besi Tatu. Japani imo? Haimo?

— Imo. Wanamtaka miaka mitatu.

— Mitatu, mama yangu!

Wakili alikuwa ameshaanza kuhesabu vifungu vya mkataba kwa vidole. Redio alisogea karibu.

— Na mkono, Mzee Eligio? Kwa umri ule? Kweli kabisa?

Eligio alishusha kikombe. Akainua mkono wake wa kushoto, taratibu, akakunja vidole viwili juu ya mpira usiokuwepo, akawaonyesha jinsi mpira wa Yoendri unavyotoka: unakuja juu, unakuja juu, mpigaji anadhani umempita kichwani, halafu unaanguka kama embe. Aliwaambia jinsi unavyolia ukiingia kwenye glavu. Aliwaambia kwamba siku hizi unaanguka vizuri kuliko alipokuwa na miaka kumi na tano. Hakuwa amewahi kuongea maneno mengi kiasi hicho tangu benchi lile liwepo, na wote watatu walinyamaza kabisa wakimsikiliza.

— Uko vile vile, alisema. Vile vile kabisa.

Chepe alitoka ndani, akaligeuza birika kichwa chini kuonyesha kwamba kahawa imekwisha. Hakuna aliyeinuka.

— Hebu rudia pale unapoanguka, alisema Redio.

Eligio akauinua mkono tena.