Chuo Kimehamia Wodini

Kijiwe chetu kipo ng'ambo ya geti la hospitali: ubao mrefu juu ya matofali, mbele ya kibanda cha kinyozi. Kinyozi mwenyewe tunamwita Spika, maana sauti yake haina pa kupunguzia. Jirani yake ni Betri, fundi redio. Mimi ndiye ninayewamiminia kahawa. Jana Spika alikuwa ameunyoosha mguu wake wa kushoto, umefungwa kitambaa. Alijikata kwa bati, kidonda kikagoma kupona, na kila tukimbembeleza aende kutibiwa anatafuta la kusema. Ndipo akaja mama yangu mdogo, nesi wa wodi ya upasuaji, akitembea kama mtu anayejizuia asikimbie.

— Jamani, jambo letu limepita! Chuo cha uuguzi na hospitali vimekubaliana. Walimu watatufundisha humu humu wodini. Hakuna tena kuacha kazi na watoto ili ukasome. Na leo tunaanza na vidonda!

Nilifurahi hadi nikamwaga kahawa.

— Nesi miaka yote hiyo, bado unasoma tu? — Betri aliuliza.

— Tiba zinabadilika, kaka. Nikibaki na yale ya zamani, nani ataumia?

— Mimi! — Spika akadakia. — Ndiyo maana siendi. Hospitali ikiwa darasa, mgonjwa ndiye ubao.

— Na ubao unafutwa, — Betri akachochea.

— Umeona! Leo unashonwa, kesho mwalimu anasema, "Kosa hilo, fumua, anza upya!"

— Halafu ukitaka kuruhusiwa, unapewa mtihani. Taja mifupa yako yote!

— Ukifeli?

— Unarudia mwaka, kitanda kilekile!

— Na likizo je? — Spika alisimama kwa mguu mmoja, mikono hewani. — Umepasuliwa tumbo, liko wazi, kengele inalia, wote hao, nyumbani!

Tulicheka mpaka mteja aliyenyolewa nusu kichwa akatoka kuchungulia. Mama Mdogo naye alicheka, ila macho yake hayakutoka kwenye kile kitambaa.

— Kaka Spika, kwa kweli nimekufuata wewe.

— Mimi? Ukanifanye daftari? Thubutu!

Wakati huo mwanamke mmoja mfupi, koti jeupe bado lina mikunjo ya dukani, alikuwa anavuka barabara kuja kwetu.

— Ndiye mwalimu wetu kutoka chuoni, — Mama Mdogo alisema, akimpisha akae.

Mwalimu alisalimia, akapokea kahawa. Nilidhani ataanza kukitetea chuo chake. Wala. Aliutazama ule mguu, akauliza taratibu:

— Kaka, vidole vya mguu huo bado unavisikia?

Spika akainama, akakibonyeza kidole gumba. Akakibonyeza tena, kwa nguvu, kwa kucha. Akamtazama Betri, kana kwamba Betri ndiye anayejua. Betri akaangalia chini.

— Dada, — Spika alimwambia Mama Mdogo, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, — nishike mkono twende. Na mwalimu aje. Darasa zima lije.