Kisigino cha Kaka Fulgensi

Ndugu waombolezaji, poleni na jua, mimi ni Eustaki, mdogo wake marehemu, na mniwie radhi nikisoma polepole, maana tumechoka, tangu asubuhi tumebishana ndani ya nyumba kama ukurasa wa pili wa wasifu huu usomwe au urukwe, na mimi nilikuwa upande wa kuuruka.

Fulgensi Libenanga alizaliwa Mofu tarehe 14 Novemba 1939, mtoto wa kwanza wa mzee Marcelino na mama Domitila, akasoma huko Mofu na baadaye Ifakara hadi darasa la nane mwaka 1956, na mwaka 1958 akaajiriwa kibarua wa barabara, akapanda hadi msimamizi wa lami. Tarehe 22 Agosti 1964 alifunga ndoa na shemeji Balbina, wakajaliwa Edna na Maximilian. Kazini alijulikana kwa kisigino chake, kwani saa saba mchana alisimama juu ya lami mpya kwa kisigino kimoja cha buti, akahesabu hadi mia, na kisipoacha alama alitia sahihi, na kwa miaka yote hiyo malori hayakumsuta.

Sasa ukurasa wa pili. Mwaka 1979 alihamishiwa viwanja vya ndege, na Juni 1992 akasimamia lami ya mahali ndege zinaposubiri zamu ya kuruka, akapima kwa kisigino, akatia sahihi bila kungoja majibu ya maabara, kumbe Juni ni baridi, na ndege ya mizigo iliyosimama, jamani, si lori linalopita. Januari 1993, kwenye joto, matairi yakadidimia, lami ikabaki na mifereji, akasimamishwa kazi Nassib, dereva wa mtambo wa kushindilia, eti hakuishindilia vizuri. Mimi nilimwandikia kaka barua anyamaze, nikisema huyo dereva atapata kazi nyingine. Tarehe 15 Februari alikwenda kwa mkubwa wake, akasema, "Nassib alishindilia vizuri, aliyekosea kupima ni mimi."

Nassib akarudishwa, kaka akaachishwa, akaja kulima mpunga Michenga, na kwa miaka mitano watu walimwita mvunja kiwanja, nami sikuwahi kufungua mdomo kumtetea, na ninaona aibu kulisema hili mbele ya jeneza lake.

Oktoba 1997 alipatwa na kiharusi, akalazwa mara tatu, akafariki Jumatatu tarehe 9 Machi 1998, saa nne asubuhi, akiwa ametuagiza kwamba ukurasa huo usirukwe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, na majirani wa Michenga mliobeba jeneza kwenye tope hadi magotini. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake, ambao kati yao amefika mmoja tu, kwa treni, naye ni Nassib, yule pale aliyeshika koleo, na ameiomba familia kitu kimoja, kwamba udongo wa kaburi aushindilie yeye mwenyewe, na tumemkubalia.

Pumzika, kaka, umesomwa wote.